Jinsi ya kusali na shairi moja: kukaa na Usiku wa Giza wa Yohane wa Msalaba

Kama unataka kuanza kusoma mashairi ya wale Wakristo wa zamani waliozama kwenye sala, na unataka kuyasoma kama sala yenyewe, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba chukua shairi moja, usichukue kitabu kizima. Mtandaoni yamejaa makusanyo, mtu anadaunlodi faili lina mashairi mia na kitu ya kila karne, anasoma matano usiku mmoja, kila moja anasema aisee zuri hili, asubuhi hakumbuki hata mstari. Kusoma hivyo hakuna ubaya wowote ila siyo ninachoongelea hapa. Ninachoongelea ni kukaa na maneno machache mbele za Mungu, leo, kesho, keshokutwa, maneno yaleyale, mpaka yazoeane na wewe kiasi kwamba ukikosa cha kusema kwenye sala yenyewe ndiyo yanakuja.

Shairi ninalopendekeza kwa mtu anayeanza ni Usiku wa Giza la Yohane wa Msalaba, mtawa wa shirika la Wakarmeli wa Hispania aliyezaliwa Fontiveros mwaka 1542 na kufariki Úbeda tarehe 14 Desemba 1591. Lina beti 8 tu, kila ubeti mishororo 5, kwa hiyo ni mishororo 40 na inaenea kwenye karatasi moja bila shida. Nasema hili na siyo jingine kwa sababu watu wengi wamelisikia jina lake na wakalielewa vibaya, wanadhani ni shairi la majonzi, la mtu ambaye Mungu amemwacha, kumbe ukilisoma lenyewe unakutana na msichana anayetoroka nyumbani usiku kwenda kukutana na mpenzi wake, na ana furaha kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Giza lipo ndiyo, lakini giza ndilo linalomsaidia atoke asionekane.

Ubeti wa kwanza kwa Kiswahili changu mwenyewe uko hivi:

Usiku mmoja wa giza,
nikiwaka kwa shauku ya mapenzi,
ee bahati njema iliyoje!
nilitoka bila kuonekana,
nyumba yangu ikiwa imeshatulia.

Kabla hujaanza ni vizuri ujue limetoka wapi, kidogo tu, usiende ukasome wasifu wa kurasa mia tatu. Mwanzoni mwa Desemba 1577 Yohane alikamatwa usiku kule Ávila, na waliomkamata hawakuwa wapagani, walikuwa ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga yale mageuzi ya shirika aliyokuwa anayafanya pamoja na mtawa mwenzake Teresa wa Ávila. Wakampeleka Toledo wakamfungia kwenye kachumba ka kama futi 6 kwa 10, mwanga ulikuwa unaingia kwa upenyo mdogo juu, akapigwa viboko, akanyimwa kusoma Misa, joto la kiangazi likamkuta humohumo na nguo zilezile. Alikaa hivyo karibu miezi 9 mpaka Agosti 1578 alipotoroka usiku kwa kujishusha dirishani kwa vipande vya blanketi alivyovifunga pamoja. Sasa humo ndani, mwanzoni bila karatasi, alikuwa anatunga mashairi kichwani, anayarudia na kuyarudia yasipotee, baadaye akaja mlinzi mwenye huruma kidogo akampa karatasi na wino. Sehemu kubwa ya Utenzi wa Kiroho, shairi lake jingine refu, ilitungwa humo, na Usiku wa Giza wengi wanaona alilitunga muda mfupi baada ya kutoka. Kwa hiyo ukifika pale anaposema nilitoka bila kuonekana, kumbuka huyu mtu alijua kutoka usiku bila kuonekana ni kitu gani.

Na hapo ndipo napata njia yenyewe ya kulisoma. Mashairi haya yaliishi kwanza kwa kurudiwarudiwa kichwani na mtu aliye gizani, basi na wewe yarudierudie.

Sasa maandalizi. Liandike shairi kwa mkono kwenye daftari au karatasi, usilisome kwenye simu. Siyo kwamba simu ni dhambi, ila simu ina meseji za watu wengine, ukiwa kwenye mshororo wa tatu inaingia notifikesheni ya kikundi cha harusi na umeshapotea. Kuandika kwa mkono kuna faida nyingine pia, mkono ni mzito kuliko jicho, utagundua maneno ambayo ungeyaruka, kwa mfano utagundua kwamba ubeti wa kwanza na wa pili zinaishia na mshororo uleule, nyumba yangu ikiwa imeshatulia, na ile ee bahati njema nayo inarudi palepale kwenye mshororo wa tatu. Sisi tuliokulia kwenye mashairi ya Kiswahili tunaijua hii, kitu kinachorudi kwenye kituo kina kazi yake, kinarudi ili kikae.

Muda, dakika 20 zinatosha. Nyumba zetu nyingi zina watu, kuna watoto, kuna redio ya jirani, kuna bodaboda nje, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri au usiku baada ya wote kulala ndiyo saa nzuri, na kwa shairi hili usiku unafaa zaidi kwa sababu zilizo wazi. Kama hupati utulivu kabisa nyumbani, kanisa likiwa tupu katikati ya wiki mchana ni mahali pazuri sana na watu wanapasahau. Kaa kwenye kiti, mgongo wima bila kujikaza, taa ndogo.

Halafu usianze kusoma. Kaa kwanza. Huo mshororo wa nyumba iliyotulia ndio maelekezo ya namna ya kuanza. Yohane mwenyewe katika maelezo aliyoyaandika baadaye anasema nyumba hiyo ni ile sehemu ya nafsi yenye hisia na matamanio, inabidi ilale ndipo mtu atoke. Huwezi kuilazimisha kulala, na ukijaribu kuinyamazisha kwa nguvu unaongeza kelele, wewe kaa tu, vuta pumzi kawaida, mwambie Bwana kwa maneno yako kwamba uko hapa, mawazo ya ada ya shule na ya bosi yakija yaache yapite. Dakika tatu nne hivi. Siku nyingine haitatulia kabisa na bado utasoma hivyohivyo.

Kuna utaratibu wa zamani wa watawa wa kusoma kwa sala ambao Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, aliupanga kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu bila maneno. Wengi tumefundishwa kuutumia kwa Biblia na unafaa hapa pia, ila naomba usiufanye kama ratiba ya semina kwamba dakika tano hiki dakika tano kile. Kwenye shairi vidato vinaingiliana. Unaweza kusoma mshororo mmoja ukajikuta umeshafika kwenye kunyamaza, halafu ukarudi kusoma tena.

Soma kwa sauti. Hili kwangu halina mjadala. Sauti ya chini inatosha, ya kujisikia mwenyewe, lakini midomo itembee. Soma ubeti mmoja tu, mara tatu nne, taratibu kuliko unavyodhani ni taratibu, na kila mwisho wa mshororo ngoja pumzi moja nzima. Mara ya kwanza utakuwa unaelewa maana. Mara ya pili kuna neno litakushika, labda bahati, labda kuonekana, labda kutoka. Usijiulize kwa nini neno hilo. Kaa nalo, lirudie peke yake, lipeleke kwa Mungu kama lilivyo. Mtu aliyechoka na maisha ya kujionyesha, neno bila kuonekana linaweza kumshika wiki nzima, akajikuta anaomba, Bwana nisaidie nitoke bila kuonekana, na hiyo ni sala kamili, haihitaji kupambwa.

Kitu kimoja kizuri ambacho sisi wasemaji wa Kiswahili tunacho bila kukijua, tunaweza kulisoma shairi hili kwa Kihispania chake. Sisemi kulielewa, nasema kulisoma kwa sauti. Irabu za Kihispania ni a e i o u zilezile zetu, na maneno mengi mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Jaribu, En una noche oscura, ch ni ile ya chai, na mshororo wa kituo, estando ya mi casa sosegada, hapo c ya casa ni k tu. Kumbuka h haisomwi, qu ni k, ll iko karibu na y, na j inatoka kooni kama kh. Ukishajua maana ya ubeti kwa lugha unayoielewa, usome mara moja kwa Kihispania, utausikia mwendo wake: mizani 7, 11, 7, 7, 11, na vina vinapishana halafu viwili vya mwisho vinafanana. Mshororo mfupi unakimbia, mrefu unapumzika. Mwendo ule wa kukimbia na kupumzika unafanya kazi mwilini hata kabla ya akili, na hakuna tafsiri inayoubeba wote.

Kwa Kiingereza kuna tafsiri nyingi, ya Kavanaugh na Rodriguez ni nyepesi kueleweka na iko karibu na maneno, ya Roy Campbell inatunza vina na inaimbika zaidi. Chukua moja ya kuelewa na moja ya kusikia kama unaweza, zisizidi hapo, ukianza kulinganisha tafsiri sita umeshageuka mtafiti. Na tafadhali jaribu kuuweka ubeti unaosali nao kwa Kiswahili chako au kwa lugha ya kwenu ya nyumbani, Kichaga, Kikamba, Kiluba, yoyote ile, hata kama ni kibovu, hakuna atakayekisoma. Kutafuta neno la shauku kwa lugha uliyonyonya kwa mama kutakuonyesha kama umeshawahi kumwambia Mungu neno hilo au la.

Mwendo ninaoshauri ni ubeti mmoja kwa wiki. Wiki nane. Ukitaka kumaliza siku ya kumbukumbu yake, 14 Desemba, anza 20 Oktoba. Najua wengine wataona ni polepole mno, mishororo mitano kwa siku saba, lakini Bernardo wa Clairvaux, abati wa Ufaransa, alianza kuhubiri juu ya Wimbo Ulio Bora mwaka 1135, mpaka anafariki mwaka 1153 alikuwa na hotuba 86 na amefika mwanzo wa sura ya tatu tu. Na mstari aliokuwa ameufikia ndio huu: usiku kitandani nalimtafuta mpendwa wa nafsi yangu. Ndiyo mstari ambao kwa namna fulani Yohane anaanzia. Kwa hiyo hatuna haraka.

Ubeti wa tatu na wa nne ningependa uzipe nafasi kubwa, hata wiki mbilimbili kila moja, kwa sababu kwangu hapo ndipo moyo wa shairi ulipo:

Katika usiku ule wa heri,
kwa siri, asinione mtu,
wala mimi sikutazama kitu,
bila mwanga wala kiongozi
ila ule uliowaka moyoni.

Huo ndio ulioniongoza
kwa hakika kuliko jua la saa sita,
hadi pale aliponingoja
yule niliyemjua vyema,
mahali asipotokea mtu.

Tuliza macho hapo kwenye jua la saa sita. Sisi jua la saa sita tunalijua, hakuna kivuli, kila kitu kinaonekana mpaka macho yanauma. Yeye anasema kale kamoto ka moyoni kalimwongoza kwa hakika zaidi ya jua lile. Na angalia kwamba hamtaji anayemngoja, anasema tu yule niliyemjua vyema, kama mtu anayeona haya kulitaja jina la mpenzi wake mbele za watu. Ukifika hapo usijaze jina haraka. Kaa kwenye ule ukimya wa kutotaja. Siku ya kwanza soma ubeti, siku ya pili uoanishe na Zaburi 139 pale inaposema usiku huangaza kama mchana, giza na mwanga kwako ni sawasawa, siku ya tatu rudi kwenye ubeti peke yake. Biblia na shairi vikae pamoja hivyo, shairi halichukui nafasi ya Neno, mwenyewe Yohane alikuwa amelowa Maandiko na ukimsoma bila Maandiko utakosa nusu ya anachosema.

Kuanzia ubeti wa sita wengi wanaanza kuona aibu. Kuna kifua, kuna mpenzi amelala, kuna kuchezea nywele zake, kuna upepo wa ngomeni unamgusa shingoni na fahamu zote zinasimama. Mtu aliyelelewa kanisani anajiuliza hii ni sala kweli? Jibu langu, fungua Wimbo Ulio Bora, iko katikati ya Biblia yako na haina aibu hata kidogo. Kanisa limeisoma kama wimbo wa Kristo na nafsi tangu karne za mwanzo kabisa, Origene, mwalimu wa Kanisa la zamani, aliandika maelezo yake katika karne ya 3. Usizikimbie hizo picha na wala usizigeuze fumbo kwa haraka, kwamba nywele maana yake hiki na mwerezi maana yake kile. Ziache ziwe picha za mapenzi, ujiulize kwa upole tu kama umewahi kumpenda Mungu kwa ukaribu wa namna hii au umekuwa unamheshimu kwa mbali. Kama una jeraha la mapenzi, ndoa iliyovunjika au kuumizwa mwilini, beti hizi zinaweza kuuma, unaruhusiwa kabisa kuziruka na kwenda wa nane, hakuna anayekudai.

Watu watakuuliza, sasa maelezo ya Yohane mwenyewe niyasome lini? Aliandika vitabu viwili vya kulielezea shairi hili, Kupanda Mlima Karmeli na kile chenye jina la shairi lenyewe, na kwenye vyote viwili hakumaliza. Alieleza beti mbili za kwanza kwa kurasa nyingi sana, akagusa mwanzo wa ubeti wa tatu, akaishia hapo. Beti tano za mwisho hazina neno lake. Na kwenye utangulizi wa Utenzi wa Kiroho, maelezo aliyoyaandika kwa ombi la Mama Ana wa Yesu, mtawa Mkarmeli, kule Granada mwaka 1584, anasema wazi kwamba maneno haya ya mapenzi ni afadhali yaachwe katika upana wake, kila mtu achote kadiri ya roho yake, kuliko kuyabana kwenye maana moja ambayo haitamfaa kila mmoja. Mwalimu mwenyewe amekupa ruhusa. Kwa hiyo soma shairi kwanza, wiki zote nane, maelezo baadaye, vinginevyo utakuwa unasoma shairi unatafuta kile ulichoambiwa kimo.

Sasa jambo zito kidogo. Itafika siku, labda wiki ya tatu, shairi likawa kavu kabisa. Unasoma, maneno yale yale, hakuna kitu. Ukavu wa kawaida dawa yake ni kuendelea, fupisha muda kama lazima, soma mara moja tu halafu kaa umwangalie Mungu kwa upendo bila kufanya kitu, hiyo namna ya kuangalia tu kwa upendo Yohane anaisisitiza sana kwa mtu ambaye tafakari zimegoma. Anatoa na alama tatu za kutambua kama ukavu ni wa Mungu anayekusogeza mbele: hupati ladha kwenye mambo ya Mungu wala kwenye kitu kingine chochote, unahangaika moyoni ukiona kama humtumikii Mungu, na huwezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani. Ziwe zote tatu kwa pamoja.

Lakini naomba mnielewe vizuri hapa kwa sababu hili linaumiza watu. Siyo kila giza ni usiku wa giza wa Yohane. Kama hulali, huli, hujisikii kuamka, unawaza kujidhuru, au umefiwa na huwezi kunyanyuka, usijiambie ni hatua ya kiroho ukajifungia chumbani na shairi. Nenda kwa daktari, zungumza na mtu wa karibu, mwambie padri au mchungaji. Yohane akiwa kijana alihudumu hospitalini kule Medina del Campo, alijua mgonjwa anahitaji kutibiwa. Ukipona shairi utalikuta palepale.

Kama Yohane bado ni mzito kwako, au unatoka kanisa ambalo mambo ya Wakarmeli ni mageni, anza na shairi la George Herbert, kasisi wa Kianglikana wa Bemerton karibu na Salisbury, Uingereza, aliyefariki 1633 akiwa na miaka 39. Mashairi yake yalichapishwa mwaka huohuo alipofariki, na la mwisho kwenye mfululizo wake mkuu linaitwa Upendo, mishororo 18 tu. Upendo anamkaribisha mgeni ndani, mgeni anarudi nyuma, anasema sistahili, nina vumbi na dhambi, siwezi hata kukutazama. Upendo anamshika mkono, anatabasamu, anamjibu kwa swali, nani aliyeyaumba macho kama si mimi? Mgeni anazidi kujitetea, anasema basi kama ni hivyo nitahudumu mezani, na Upendo anamwambia hapana, keti, ule chakula changu. Shairi linaishia kwamba akaketi akala. Sisi watu wa karibu chakula, watu ambao mgeni akikataa tunamshika mkono mpaka akae, tunaielewa hali hii bila kufafanuliwa.

Hili lisome kwa sauti mbili, siku moja wewe ni mgeni, sema maneno yake yote ya kujikataa na uongeze ya kwako, siku ya pili usiseme kitu, sikiliza tu maneno ya Upendo moja moja na ukimya katikati. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa, alilifahamu shairi hili kupitia kijana Mwingereza aliyekutana naye kwenye abasia ya Solesmes wakati wa Pasaka ya 1938. Alikuwa anaumwa na kichwa vibaya sana, akalikariri, na maumivu yakifikia kilele alikuwa analirudia kwa makini yote aliyokuwa nayo. Kwenye barua aliyomwandikia padri Perrin mwaka 1942 anasema alidhani anakariri shairi zuri tu, kumbe bila yeye kujua lilikuwa na nguvu ya sala, na ni katika kulikariri mara moja hivi ndipo Kristo mwenyewe alipomjia. Huyu ni mtu aliyekuwa hajawahi hata kuomba. Sikuahidi kwamba itakutokea, ila nakuonyesha makini yake, maneno yaleyale, kwa moyo wote, hata kichwa kikipasuka.

Ndiyo maana nasema kariri. Siyo kwa mtihani. Kila wiki ubeti wako uwe kichwani ifikapo Jumamosi, utauhitaji kwenye foleni ya hospitali, kwenye daladala lililokwama, usiku umeme umekatika na usingizi haupo. Ukisahau mshororo usikimbilie karatasi, kaa kwenye lile pengo kidogo, mara nyingi unarudi wenyewe.

Kusoma na wenzako inawezekana pia, kwenye jumuiya au watu watatu wanne wanaoaminiana. Mmoja asome ubeti, ukimya dakika tano kamili kwa saa, mwingine asome uleule kwa sauti yake, ukimya tena, halafu kila mtu aseme neno moja au mshororo mmoja uliomshika, bila kuelezea na bila mtu kumjibu. Kiongozi kazi yake ni kulinda ukimya tu, na hasa kuwazuia wale wenzetu wanaopenda kutoa somo. Chai baadaye, maongezi baadaye.

Ukimaliza wiki ya nane, ubeti wa mwisho ni huu:

Nikabaki, nikajisahau,
uso nikaulaza juu ya Mpendwa;
vyote vikakoma, nikajiachia,
nikayaacha mahangaiko yangu
yasahaulike kati ya nyinyoro.

Kwa wiki hiyo fanya hivi, kabla ya kusoma andika kwenye kijikaratasi mahangaiko yako ya siku hiyo kwa majina yake, mkopo, mtoto, matokeo ya vipimo, kiweke chini ya daftari, kisha soma. Ukimaliza usikifungue.

Baada ya hapo pumzika siku kadhaa bila shairi lolote, halafu chukua jingine la Yohane, lile la Chemchemi, ambalo alilitunga gerezani Toledo na kila ubeti unarudi kwenye kituo kimoja, ijapokuwa ni usiku. Hilo lina mwendo wa wimbo na kituo chake kinakaa mdomoni upesi, na mwishoni anasema chemchemi hiyo ya milele imejificha katika mkate ulio hai, yaani Ekaristi, mtu aliyekuwa amenyimwa Misa. Kwa Mkatoliki linafaa sana kusomwa nusu saa kabla ya Misa au kwenye kuabudu. Kwa asiye Mkatoliki anzia na Yohana 6 halafu shairi. Mwendo ni uleule, ubeti mmoja, kwa sauti, kwa mkono, bila simu.